Kwa nini -lm inakaa mwisho: historia ya kulinki

Hii ndo ile wiki ya mwaka ambapo watu wa mwaka wa pili wanapewa kazi ya kwanza ya C yenye hesabu za kweli, na maabara nzima inalia kilio kimoja. Umeandika programu yako safi kabisa, umeweka `#include <math.h>` juu, umeita sqrt, halafu unapewa hii:

`undefined reference to 'sqrt'`

Mwenzio wa pembeni anakwambia "weka -lm mwisho bana". Unaweka, inakubali, maisha yanaendelea. Hakuna anayeuliza zaidi. Kwa nini hesabu zikae kando na vitu vingine? Kwa nini mwisho na si mwanzo? Na include si umeshaweka, sasa -lm ya nini tena?

Majibu ya maswali hayo hayapo kwenye kompyuta iliyo mbele yako. Yapo miaka ya sabini, na mengine miaka ya arobaini. Mstari ule wa gcc tunaouandika bila kufikiri umejaa maamuzi ya watu, kila uamuzi ulikuwa na sababu yake siku hiyo, na sababu nyingi zimeshakufa zamani ila sisi bado tunazitii. Basi leo tutembee humo. Ni ndefu kidogo, tafuta chai.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Kompaila na kiunganishi ni mafundi wawili tofauti, gcc inawaita kwa zamu. Kompaila inasoma faili lako la .c na kutoa faili la .o. Kile kijifaili cha math.h kinaiambia tu kwamba mahali fulani duniani kuna kitu kinaitwa sqrt, kinapokea double na kurudisha double. Ni ahadi, mzigo wenyewe haumo. Kwa hiyo ndani ya .o panabaki pengo lenye jina la sqrt. Anayekuja kuziba mapengo ni fundi wa pili, kiunganishi, na jina lake ni ld. Ndo maana kosa linakuja mwishoni, baada ya kompaila kusema mambo yako poa.

(Jaribu na hii ukipata nafasi: andika sqrt(2.0) badala ya sqrt(x). Inapita bila -lm! Watu huwa wanabishana sana hapa. Kumbe gcc ikiona namba ni ileile siku zote inaipigia hesabu palepale na kuandika jibu, hakuna pengo linalobaki, kiunganishi hakiulizwi kitu.)

Haya, historia.

Tuanzie Cambridge, Uingereza. Tarehe 6 Mei 1949 mashine iliyoitwa EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza. Mkuu wa kazi alikuwa Maurice Wilkes, na chini yake kulikuwa na kijana wa utafiti, David Wheeler. Mwanzoni EDSAC ilikuwa na memori ya maneno 512 tu, yakihifadhiwa kwenye mirija ya zebaki. Hakuna diski. Programu inaingia kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu.

Jamaa hawa waliona mapema kwamba watu wanaandika kitu kilekile kila siku. Huyu anataka kipeuo cha pili, yule anataka kipeuo cha pili, mwingine naye anataka namba zichapwe vizuri. Wakaamua kila kipande kilichojaribiwa na kuthibitika kikae kwenye utepe wake, na tepe zikae kabatini. Ukihitaji kipande unakwenda kabatini, unauchukua utepe, unaunakili kwa mashine kwenye utepe wa programu yako, unaurudisha. Kufikia 1951 kabati lilikuwa na vipande 87. Kwa hiyo tukisema "maktaba" leo si lugha ya mafumbo. Ilikuwa maktaba kweli, yenye kabati, na bila shaka na watu wasiorudisha.

Ila kulikuwa na kasheshe moja. Kipande kilichoandikwa kikidhani kitakaa kuanzia nafasi ya 100 ndani yake kina maagizo ya aina ya "ruka uende 112". Ukikipanga kuanzia nafasi ya 240, lile agizo bado linaruka kwenda 112, na huko sasa anakaa mtu mwingine. Wheeler akaandika maagizo ya kuanzia, 41 tu kwa jumla, yanayosoma utepe na wakati huohuo kurekebisha kila anwani kulingana na mahali kipande kilipoangukia. Maagizo 41! Hapo ndipo alipozaliwa babu yake ld. Kazi aliyofanya babu mwaka ule ndiyo anayofanya mjukuu leo usiku ukiwa unahangaika na kazi yako: tafuta mahali, rekebisha anwani.

Marekani nako Grace Hopper alikuwa anasumbuliwa na jambo hilohilo. Mwaka 1952 alikuwa na mfumo wake wa A-0 kwenye mashine ya UNIVAC. Unaipa orodha ya namba za vipande, yenyewe inakwenda kwenye tepe za sumaku, inavikusanya na kuvipanga viwe programu moja. Akauita kompaila, kwa sababu kwa Kiingereza neno lile maana yake ni kukusanya, kama mtu anavyokusanya mashairi kuwa diwani. Yaani kompaila ya kwanza kuitwa hivo ilikuwa inafanya kazi ambayo sisi leo tungeiita ya kiunganishi. Majina yalikuja kuhama baadaye.

Sasa twende Bell Labs, kwa kina Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix kina tarehe ya 3 Novemba 1971. C ilikuwa bado, ilikuja 1972, na kerneli ikaandikwa upya kwa C mwaka 1973. Lakini ukifungua kitabu kile cha 1971 unakuta ld ipo, na ar, ile ya kufungashia mafaili ya .o kuwa maktaba ya .a, nayo ipo. Kiunganishi cha Unix kina umri mkubwa kuliko C yenyewe. Hii huwa inanifurahisha sana.

Mashine yao ya PDP-11 ilikuwa na memori ya kilobaiti 24. Mfumo wenyewe ulikula 16, programu za watumiaji zikabaki na 8. Picha moja uliyopiga jana kwa simu ingezijaza mashine za namna hiyo mtaa mzima. Kwa hiyo kiunganishi hakikuweza kubeba maktaba yote kichwani na kuizungukazunguka. Kilipita mara moja, kutoka kushoto kwenda kulia, kikishika tu orodha ya majina yanayotafutwa.

Fikiria umetumwa Kariakoo na orodha mkononi, na umeambiwa usirudi nyuma. Ukipita kwa muuza nyanya wakati orodha yako haina nyanya, unapita. Ukifika kwa muuza samaki ndo anakwambia samaki huyu anataka nyanya. Umekwisha, nyanya zimeshapita. Ndivyo ilivyo ukiandika

`gcc -lm kazi.c -o kazi`

Kiunganishi kimefika kwenye maktaba ya hesabu kikiwa hakijaambiwa na mtu kwamba sqrt inatakiwa. Kimepita mikono mitupu. Kisha kinafika kwenye faili lako, linaomba sqrt, na safari imekwisha. Ukiweka -lm mwisho, ombi linatangulia, maktaba inafuata. Mwisho maana yake ni "baada ya anayeihitaji", basi.

Na wazee wale waliteseka kuliko sisi, kwa sababu kwao hata ndani ya maktaba moja mafaili yalitakiwa yapangwe, anayeita atangulie, anayeitwa afuate. Kupanga kwa mkono ni noma, kwa hiyo Unix toleo la saba, la 1979, lilikuja na programu mbili za kusaidia: lorder inatoa orodha ya nani anamhitaji nani, na tsort inaipanga orodha hiyo. Toleo hilohilo likaleta ranlib, inayoweka fahirisi ya majina ndani ya maktaba, na tatizo la ndani ya maktaba likaisha. Kati ya maktaba na maktaba likabaki. Ukiwa na maktaba mbili zinazohitajiana utawaona watu wanaandika `-la -lb -la` kama mtu aliyesahau kitu sokoni akarudi. Na tsort? Fungua terminali yako sasa hivi uandike `tsort`, imo. Kazi iliyoizaa iliisha zamani, yenyewe bado inaishi ndani ya kila Linux tunayosakinisha.

Maktaba ya hesabu kukaa kando nayo ni urithi wa nyumba hiyohiyo. Unix ile ya 1979 tayari ilikuwa na libm yake pembeni, unaiomba kwa -lm, herufi kwa herufi kama leo. Mwaka 2021 glibc toleo la 2.34 ilizimeza ndani ya libc maktaba kadhaa zilizokuwa zinakaa kando, ikiwemo ile ya nyuzi (kwa hiyo -lpthread leo unaiandika kwa mazoea tu kama glibc yako ni mpya). libm ikaachwa ilipo. Poleni watu wa mwaka wa pili.

Kuna wanaoniambia "mbona kaka yangu alikuwa anaweka -lm mwanzo na ilikubali?" Ni kweli ilikubali. Maktaba zinazoshirikiwa, zile za .so ambazo nakuja kuzieleza, zilikuwa zinaandikwa kwenye programu hata kama hakuna aliyeziomba, kwa hiyo mpangilio haukuonekana. Ubuntu 11.10 ya mwaka 2011 ikafanya chaguo la `--as-needed` liwe la kawaida, maana yake usibebe maktaba ambayo hadi hapo haijaombwa. Mafaili mengi ya make yaliyokuwa yanafanya kazi miaka na miaka yakagoma kwa siku moja. Ukikuta noti za zamani zenye -lm mwanzo usimlaumu aliyeziandika.

Kabla hatujatoka miaka hiyo, umewahi kujiuliza kwa nini majina ya C yamebanwa hivi? strcpy, strcat, strcmp, strlen, malloc, printf. Hesabu herufi. Sita, sita, sita... Kiwango cha C cha 1989 kiliahidi herufi sita tu za mwanzo kwa majina yanayovuka kwenda kwa kiunganishi, na hata herufi kubwa na ndogo hakikuahidi kuzitofautisha, kwa sababu duniani kulikuwa bado na viunganishi vya zamani visivyoweza zaidi. Mpaka kiwango cha 1999 ndo zikawa 31.

Sasa .so. Njia yote niliyoeleza hadi hapa ni ya kunakili: kipande cha maktaba kinaingia ndani ya programu yako na kukaa humo milele. Ni salama, programu inajitegemea. Ubaya wake ni kwamba programu 200 zina nakala 200 za printf, kwenye diski na kwenye memori. Mradi wa Multics wa miaka ya sitini ulishafikiria programu ziunganishwe wakati zinaendeshwa, ila Unix kwa kupenda udogo iliacha. Miaka ya themanini madirisha na picha yalipokuja, maktaba zikanenepa, Unix ikalazimika kurudi huko. SunOS 4.0 ya mwaka 1988 ikawa na maktaba moja inayoshirikiwa na programu zote, na System V toleo la nne ikaleta muundo wa mafaili unaoitwa ELF.

Linux ilizaliwa katikati ya mambo hayo, mwaka 1991 kule Helsinki, na njia yake ya kwanza ya kushirikiana maktaba ilikuwa, niseme ukweli, kimeo. Ilitumia muundo wa zamani wa a.out, na kila maktaba ilipangiwa anwani yake ya kudumu kwenye memori. Chukulia ni mji ambao kila maktaba imegawiwa kiwanja. Wewe ukitaka kutengeneza maktaba mpya inabidi uombe kiwanja ambacho hakijachukuliwa, na lazima kuwe na orodha ya nani amepewa wapi. Maktaba ikikua ikazidi kiwanja, inagongana na jirani. Ikihama, programu zote zilizojengwa zikiijua pale zinaanguka. Ni tatizo lilelile la Wheeler la mwaka 1949, limerudi na suti mpya.

ELF ndo ilikuja kuokoa. Maktaba inaandikwa hivi kwamba ikae popote, na kiunganishi cha wakati wa kuendesha kinatafuta anwani siku hiyohiyo. Linux ikahamia huko katikati ya miaka ya tisini. Muundo wa a.out ukabaki kwenye kerneli kama mgeni asiyeondoka, hadi 2022 ulipofutwa. Lakini jina halikufutwa! Kompaili bila -o uone faili linaitwaje. a.out, kifupi cha matokeo ya asembla, jina la tangu siku za mwanzo kabisa za Unix. Na ndani yake ni ELF tupu.

Na hapa ndo tunafika kwenye namba 6. Andika `ldd` kwa programu yoyote, utaona libc.so.6. Kwa nini sita? Moja hadi tano ziko wapi?

Ni ugomvi wa familia. Mradi wa GNU ulianza maktaba yake ya C mwishoni mwa miaka ya themanini, kazi ya Roland McGrath. Watu wa Linux walipoichukua mwanzoni mwa miaka ya tisini wakaona inakwenda taratibu mno kwa mahitaji yao, wakaichepusha wakawa na yao, Linux libc. Toleo la 4 lilikuwa la enzi za a.out, toleo la 5 la ELF. Kwa muda ikaonekana safari zimetengana moja kwa moja. Ila GNU hawakulala, na Januari 1997 wakatoa glibc 2.0, ambayo ilikuwa imekwenda mbali zaidi: nyuzi, lugha mbalimbali, IPv6. Watu wa Linux wakapima, wakaona bora warudi nyumbani. Lakini programu zote za siku ile zilikuwa zinatafuta libc.so.5, na mpya haikuwa sawa nayo. Basi jamaa wa GNU wakiita yao 2, Linux wakaipa namba inayofuata kwenye foleni yao: libc.so.6. Red Hat 5.0 ikahama Desemba 1997, Debian 2.0 ikafuata Julai 1998, Slackware ikaja 1999. Hizo zilikuwa siku ngumu, unakuta programu moja inataka ya tano nyingine inataka ya sita, mashine moja.

Sasa hesabu mwenyewe. Tangu 1997 mpaka leo bado ni sita. Hakukuwa na saba. Baada ya uchungu ule waliamua hawarudii tena, na toleo la 2.1 la mwaka 1999 likaweka namba kwenye kila jina peke yake ndani ya maktaba. Fanksheni ikibadilika tabia, ya zamani inabaki pale na namba yake ya zamani, mpya inaongezwa na namba mpya. Programu ya 2003 inapewa ya 2003. Ni maktaba ambayo haitupi kitabu hata kimoja.

Upande wa pili wa ukarimu huo ndo lile kosa la ``version `GLIBC_2.34' not found`` ambalo wengi mnakutana nalo mkikompaili kwenye laptop yenye Linux mpya halafu mkipeleka programu kwenye seva ya zamani. Kwenda mbele ahadi ipo, kurudi nyuma haipo. Jenga kwenye mashine ya zamani zaidi, utaendesha kote.

Kuna siku ahadi hiyo ilijaribiwa kweli. Novemba 2010 Fedora 14 ilipotoka, watu wakaanza kusikia sauti za video kwenye Flash zinakwaruza. Linus Torvalds mwenyewe akaingia kutafuta, akakuta chanzo ni memcpy. Kiwango cha C kinasema memcpy usiitumie pale unapotoa na unapopeleka panapopishana, tumia memmove. Miaka yote waliokosea hawakuumia kwa sababu memcpy ilikuwa inanakili kuanzia mwanzo. glibc mpya, kwa ajili ya kasi kwenye prosesa mpya, ikawa kwenye baadhi ya mashine inanakili kuanzia mwisho. Flash ilikuwa na kosa hilo tangu zamani, sasa likatoka hadharani.

Nani mwenye makosa? Watu wa glibc walisema kiwango kiko wazi, Flash irekebishwe. Torvalds alishikilia kwamba mtumiaji hajali kiwango, jana alisikia muziki, leo anasikia mikwaruzo. Mimi niko upande wa Torvalds hapa, ingawa najua mwalimu wangu angenikata alama. glibc 2.14 ya mwaka 2011 ikatumia zile namba: programu za zamani zikapewa memcpy ya zamani inayofanya kazi kama memmove, na ukikompaili upya unapewa ile yenye haraka. Hapo kila mtu akaenda kulala.

Kuunganisha kuna sheria zake pia, za mahakamani kabisa. Mwaka 1992 Bruno Haible na mwenzake walikuwa na programu yao ya Lisp, CLISP, wakaiunganisha na readline, maktaba ya GNU ya kuhariri mstari unaoandika. readline iko chini ya leseni ya GPL. Richard Stallman akawaandikia kwamba ukiunganisha na readline, kitu kizima kinakuwa kazi moja, na leseni inakihusu chote. Haible akajitetea, wakaandikiana, mwisho CLISP ikatolewa kwa GPL na iko hivyo hadi leo. Stallman huyohuyo na wenzake mwaka 1991 walikuwa wameshatoa leseni laini zaidi kwa ajili ya maktaba, na glibc iko chini ya hiyo laini. Bila hivyo kila anayeandika printf kwenye Linux angekuwa na kesi. Herufi moja ya -l inaweza kubadilisha leseni ya mradi wako wa mwisho wa mwaka, kwa hiyo soma kabla.

Faida ya .so kwa usalama ilionekana vizuri Machi 2002. Maktaba ya kubana data ya zlib ilikutwa na hitilafu ya memori, likatoka toleo 1.1.4 la kurekebisha. Waliokuwa wanashirikiana .so walibadilisha faili moja wakamaliza. Kazi ilikuwa kuwatafuta wote walioinakili ndani ya programu zao kimyakimya, na walikuwa wengi. Hata kerneli ya Linux ilikuwa na nakala yake. Lugha ya Go ilipotoka 2009 ikarudi kwenye kunakili kila kitu ndani, na mimi naelewa utamu wake, unabeba faili moja unaondoka. Lakini bei yake ni ileile ya 2002.

Ila .so nayo ina bei, na tuliiona 2024.

Andres Freund ni mhandisi anayefanya kazi kwenye PostgreSQL. Alikuwa anapima mambo yake akaona kuingia kwenye mashine kwa ssh kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao. Yeye akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokuta: ndani ya liblzma, maktaba ya kubana data kutoka mradi wa xz, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, kuna mlango wa nyuma wa kumruhusu mtu aingize amri zake kwenye mashine kupitia sshd.

Sasa ukisoma chanzo cha OpenSSH, liblzma hutaiona popote. Haiihitaji. Lakini Debian, Fedora na wengine walikuwa wameongeza kiraka kidogo ili sshd iiambie systemd "nimeshaamka", na kwa hiyo ikaunganishwa na libsystemd. Na libsystemd, kwa kazi zake nyingine kabisa, ilikuwa imeunganishwa na liblzma. Rafiki wa rafiki. sshd inapoamka, kiunganishi kinawaita wote ndani, na kila aliyeitwa anapata nafasi ya kufanya jambo kabla hata mwenye nyumba hajaanza.

Aliyefanya hivyo alitumia jina la Jia Tan, na alianza kuchangia mradi mwaka 2021. Mwenye mradi, Lasse Collin, alikuwa anauendesha kwa kujitolea, peke yake, na amechoka. Yakaja na majina mengine kumsukuma akabidhi kazi, akamwamini huyu msaidizi. Sumu ilifichwa kwenye mafaili ya majaribio, na kipande cha kuiamsha kiliwekwa kwenye furushi la kutolea toleo, hakikuwepo kwenye hazina ya git ambayo watu wanaisoma. Na njia ya kujipenyeza kwa sshd ilikuwa ni IFUNC, uwezo wa kiunganishi kuchagua wakati wa kuamka ni fanksheni ipi itumike kulingana na prosesa. Ni uwezo uleule uliokuwa unachagua memcpy ya haraka mwaka 2010.

Iliwahiwa. Matoleo yale yalikuwa yamefika kwenye distro za majaribio na zinazosasishwa kila siku, Debian sid na openSUSE Tumbleweed zikiwemo, hayajafika kwenye seva za watu wengi. systemd 256 ya Juni 2024 ikawa inaziita maktaba za kubana data pale tu zinapohitajika, si kila mara. Na OpenSSH 9.8 ya Julai 1 mwaka huohuo ikaandika yenyewe vile vistari vichache vya kuiambia systemd "nimeamka", bila kuunganishwa na libsystemd hata kidogo. Andika `ldd /usr/sbin/sshd` kwenye mashine yako uone waliobaki kwenye orodha.